Risasi kugeuka maji: kutoka Yakobi hadi boila la dada

Wandugu, nimepotea kidogo, najua. Nilikuwa nyumbani Njombe, na wale mliowahi kufika kule mwezi wa sita au wa saba mnajua kwa nini mtu haandiki: vidole havitaki. Unakaa karibu na moto, unakunywa chai, unasubiri jua lipande, na likipanda halina nguvu yoyote.

Safari yenyewe ilianza na simu ya dada. Kapiga saa nne usiku, muda ambao kwa kawaida huwa ni taarifa ya msiba, nikapokea moyo ukienda mbio.

"Wewe si ndiye mwandishi wa habari? Hebu niambie, mabomba ya nyumba za zamani yana risasi au hayana?"

Nikamuuliza risasi gani, ya bunduki? Akanikoromea. Kumbe alikuwa ameangalia filamu kuhusu mji mmoja wa Marekani unaoitwa Flint, ambako watu walikunywa maji yenye madini ya risasi. Dada anakaa kwenye nyumba ya baba mkwe wake, nyumba ya miaka ya sitini, zile zenye bomba la moshi juu ya paa na boila la kuni nyuma ya jiko. Ana mtoto wa miezi minane. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, kama tunavyofanya sisi waandishi tukiwa hatujui kitu: hizo ni habari za Wamarekani, dada, lala.

Yeye alilala. Mimi sikulala. Nilianza kusoma, na siku ya tatu nikapanda basi.

Tuanze na neno lenyewe. Risasi ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao kama kwetu linabeba mambo mawili: yale madini laini ya kijivu na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, kwa sababu kwa karne nyingi kilichotoka kwenye mtutu kilikuwa ni yale madini yaliyoyeyushwa yakamiminwa kwenye kalibu. Wavuvi wa pwani wanayajua kama chubwi la mshipi. Mafundi ujenzi wanayajua kwenye timazi. Watoto wa shule wanadhani wanayajua kwenye kalamu ya risasi, ambayo ndani haina risasi hata chembe, ni grafiti na udongo (wale mliokuwa mnazitafuna darasa la pili, poleni, ila hamkufa kwa hilo).

Na kwetu Njombe maneno risasi na maji yamekaa pamoja zaidi ya miaka 100. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa, na habari iliyosambaa ni kwamba atakayeyatumia, risasi za Wajerumani zitageuka maji mwilini mwake. Vita ikapanda kutoka Umatumbi hadi nyanda za juu. Septemba mwaka huohuo Wabena wa Mbeyela walivamia misheni ya Walutheri pale Yakobi. Ukitoka leo Njombe mjini kwenda Yakobi huoni chochote cha kukuambia kwamba hapa kulikuwa na vita. Ni mashamba, miti na barabara. Risasi hazikugeuka maji. Baada ya hapo Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki ziliianza. Mwanahistoria Gwassa alikadiria waliokufa kusini yote ni kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Takwimu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa 75,000.

Kwa nini naleta Majimaji kwenye habari za fundi bomba? Kwa sababu usiku ule nikisoma niligundua jambo ambalo sikufundishwa shuleni. Risasi kugeuka maji, lile ambalo halikuwezekana Yakobi, kwenye bomba linawezekana kabisa. Haihitaji mganga. Inahitaji maji laini yenye uchachu kidogo, muda wa kutulia usiku kucha, na madini ya risasi mahali fulani njiani. Asubuhi unafungua koki, maji meupe, hayana harufu, hayana ladha, na risasi imo ndani.

Warumi walijua. Mabomba yao mengi yalikuwa ya risasi kwa sababu ni madini rahisi kukunja na hayashiki kutu; hata neno ambalo Waingereza hulitumia kumwita fundi bomba limetokana na plumbum, jina la Kilatini la risasi. Mhandisi wao Vitruvius, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo ni salama kuliko ya risasi, akatoa mfano wa mafundi wa risasi wenyewe na rangi mbaya ya miili yao. Walimsoma, wakaendelea kuweka risasi. Hii tabia ya kusoma ripoti kisha kuiweka kabatini haikuanzia kwetu.

Mfano ulionigusa zaidi si wa Roma, ni wa Glasgow, kule Scotland. Mwaka 1859 mji ule ulianza kuvuta maji kutoka ziwa la Loch Katrine milimani. Yalikuwa maji safi sana, na kipindupindu kilichokuwa kikiua watu kwa maelfu kikakosa njia. Watu wakasherehekea, na Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyefungua mradi. Lakini maji ya mvua yanayoteremka kwenye milima ya mawe magumu hayabebi chokaa ya kutosha, ni laini, na maji laini yana njaa. Yanakula bomba. Na mabomba ya kuingia majumbani pale Glasgow yalikuwa ya risasi, na nyumba nyingi zilikuwa na matangi ya risasi juu darini. Zaidi ya miaka 100 baadaye, miaka ya 1970, madaktari walikuta risasi nyingi mno kwenye damu za wakazi. Mwaka 1978 wakaanza kutia chokaa kwenye maji, na mwaka 1989 wakaongeza fosfeti, ambayo hujenga utando mwembamba ndani ya bomba kati ya maji na risasi. Sheffield, Uingereza, yaliwakuta yaleyale mapema zaidi, miaka ya 1880, kwa maji ya milimani vilevile.

Sasa fikiria Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ya kutosha, mawe magumu, vijito kila bonde. Ukifua kwa maji ya kwetu sabuni inatoa povu kabla hujaanza kusugua. Ukifua Dodoma unasugua mpaka unachoka. Povu lile ndiyo dalili ya maji laini. Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu ndipo nikakata tiketi.

Na Flint? Kwa kifupi, maana filamu zipo. Aprili 2014 mji ule wa Michigan, uliokuwa ukisimamiwa na meneja wa dharura aliyeteuliwa na serikali ya jimbo ili kubana matumizi, uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kutumia maji ya mto wao. Maji yale yalikuwa yanakula chuma, na hawakutia fosfeti ya kulinda mabomba. Oktoba mwaka uleule kiwanda cha General Motors kilikataa kuyatumia kwa sababu yalikuwa yanakula vipuri vya injini. Vipuri vikaonewa huruma. Watu wakaambiwa waendelee kunywa, mpaka Septemba 2015 daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alipoweka hadharani vipimo vya damu za watoto. Oktoba wakarudi kwenye maji ya Detroit. Na Flint hawako peke yao. Chicago kanuni za ujenzi zililazimisha bomba la risasi kuingia nyumbani hadi sheria ya nchi ilipolipiga marufuku mwaka 1986, na mpaka leo wana mabomba ya namna hiyo yapatayo 400,000 chini ya ardhi. Watengenezaji wa risasi walikuwa na chama chao tangu 1928, kikizunguka kuwashawishi wahandisi na mafundi waendelee nayo, wakati madhara yalishajulikana. Oktoba 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuyang'oa yote ndani ya miaka 10.

Haya, turudi nyumbani.

Nilifika kwa dada nikiwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio na moyo wa mtu anayekwenda kufichua kashfa. Shemeji alikuwa amemwita fundi, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyeanza kufunga mabomba Njombe akiwa kijana. Kamwene, kamwene, shikamoo mzee. Akaniangalia mimi na sumaku yangu, akacheka.

"Mwanangu, unatafuta bomba la risasi Njombe? Mimi nimelisikia kwa Mzungu aliyenifundisha. Alisema kwao ulaya lipo. Hapa sijalikata hata moja."

Lakini alikubali tupime, na namna alivyopima naiandika hapa kwa sababu haihitaji maabara. Tulikwenda pale bomba linapoingilia ukutani. Kwanza akatazama viungo. Bomba la chuma limekatwa nyuzi na kuunganishwa kwa soketi au elbo, unaona kabisa pa kushika spana. Bomba la risasi halina nyuzi. Kiungo chake ni uvimbe laini wa mviringo, kama nyoka aliyemeza yai. Kisha akakwaruza kwa ncha ya kisu. Risasi ni laini, kisu kinazama, na chini ya weusi unatokea mng'ao wa fedha. Chuma kinakugomea. Mwisho ndipo akaomba sumaku yangu, nadhani kwa kunionea huruma. Ikanasa paap! Chuma. Bomba la GS, chuma kilichopakwa zinki. Risasi haishiki sumaku, shaba haishiki, plastiki haishiki, kwa hiyo ikinasa jua ni chuma.

Kesho yake nilishuka Makambako kwa rafiki yangu mmoja anayekaa si mbali na stesheni. Kule mambo yalikwisha haraka. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na sehemu kubwa ya mji unaouona leo imeota kuzunguka reli na njia panda ya barabara ya Songea. Nyumba ya zamani ya Makambako ni kijana mbele ya nyumba ya zamani ya Glasgow. Tulipita nyumba tatu na sumaku. Mbili chuma, moja plastiki tupu. Tukala chipsi, nikapanda gari kurudi.

Ukitafakari, kuchelewa kwetu kumetusaidia. Zanzibar walipata maji ya bomba mapema, Sultani Barghash aliyatoa Chem Chem kule Bububu mpaka mjini katika karne ya 19. Bara, na hasa vijijini, bomba ni hadithi ya baada ya Uhuru. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka kwake. Halikufikiwa, lakini kazi ilifanyika. Wanging'ombe walipata mradi wao wa maji ya mserereko kwa msaada wa UNICEF. Miaka ya themanini Wadenishi wa DANIDA walikuwa wameshika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, na Njombe wakati ule ilikuwa Iringa bado. Imekuwa mkoa mwaka 2012. Kwa wakati huo Waingereza walishaacha kufunga mabomba mapya ya risasi, na dunia ilikuwa imehamia kwenye chuma na plastiki. Mkopo wa India wa dola milioni 500 kwa miji 28, ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa Juni 2022 na ambamo Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo, ni wa kizazi kingine kabisa.

Kwa hiyo nikampigia mhariri wangu kumwambia hakuna stori. Bahati nzuri hakupokea.

Jioni ile dada alikuwa anapika uji wa mtoto. Baridi ilikuwa kali, gesi ilikuwa inaelekea kuisha, na nikamwona anachukua sufuria, anafungua koki ya maji ya moto, ile inayotoka kwenye boila, anajaza, anaweka jikoni. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa. "Yanachemka haraka, mdogo wangu. Gesi bei gani unajua?"

Maji ya boila ndiyo yanayopikia uji, chai na wali katika nyumba ile. Na si nyumba ile tu, watu wa baridi tunafanya hivyo wengi. Nikakumbuka sentensi niliyoisoma kwenye kila mwongozo bila kuitilia maanani: usinywe wala usipikie maji ya koki ya moto, kwa sababu maji ya moto yanayeyusha risasi haraka kuliko ya baridi. Nikamwomba shemeji tochi, tukaenda nyuma ya jiko.

Lile boila halikufungwa kwa bomba la chuma. Kutoka kwenye pipa hadi ukutani ilikuwa shaba nyekundu, kazi nzuri ya zamani, imenyooka kama imepigwa timazi, na kila kiungo kina pete ya kijivu. Lehemu. Ile waya ya kuchomelea ambayo mafundi redio wanaijua, na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nusu stani na nusu risasi. Nikakwaruza kwa msumari, ikaacha alama ya kung'aa. Mzee fundi alipokuja asubuhi nikamwonyesha. Safari hii hakucheka.

"Hiyo ni risasi," alisema. "Hiyo nimeichoma sana mimi. Tulikuwa hatujui."

Hapo akafunguka. Akaniambia jinsi walivyokuwa wanafunga nyuzi za chuma kwa katani na rangi nyekundu ya mafuta kabla tepu nyeupe hazijafika. Rangi ile nyekundu ya kizamani ya mabomba ilikuwa ni oksidi ya risasi. Na zinki ya kupaka mabomba ya GS nayo kwa kawaida ilikuwa na kiasi cha risasi ndani yake. Koki za brasi vilevile, risasi huongezwa ili brasi ikatike vizuri kwenye mashine. Hata plastiki haikuwa na usafi wa malaika: PVC kwa miaka mingi iliimarishwa kwa chumvi za risasi, na viwanda vya Ulaya viliacha hilo kufikia mwisho wa 2015. Kwa maneno mengine mimi nilikuja na sumaku kutafuta bomba la risasi, wakati risasi ya kwetu imekaa kwenye viungo, kwenye koki, kwenye vitu vidogovidogo ambavyo hakuna anayeviangalia.

Na si Njombe peke yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha kazi waliyofanya kwenye miradi 261 ya maji nchini Ghana, Mali na Niger. Karibu mradi 1 kati ya kila 11 ulitoa maji yenye risasi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni maikrogramu 10 kwa lita, na mkosaji mkubwa alikuwa vipuri vya brasi. Miradi hiyo si mikongwe ya Victoria. Madagaska, jirani zetu wa baharini, mji wa Toamasina una pampu za mkono zinazotengenezwa na mafundi wa mitaani ambamo uzito wa vali ulikuwa wa risasi. Watafiti wa Florida walipokaa na mafundi, wakabadilisha uzito ule kuwa wa chuma. Kipande kidogo, fundi yuleyule, pampu ileile. Mimi hii ndiyo habari niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyesubiri mkopo.

Sasa kuna jambo ambalo lilinisumbua zaidi, nalo ni kuchemsha. Sisi tumelelewa na chemsha maji. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kwa mamilioni mbele ya redio, wakafundishwa vyoo, mbu, na kuchemsha maji ya kunywa. Imeokoa maisha na sitaki mtu anielewe vibaya: wadudu wa kipindupindu na taifodi wanakufa kwenye moto. Risasi haifi. Ni madini, haina uhai wa kuuliwa. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na risasi inabaki palepale kwenye sufuria, tena kwenye maji machache zaidi. Dada alikuwa anachemsha uji wa mtoto dakika 20 kwa nia njema kabisa.

Na mtoto ndiye mwenye hatari. Mtu mzima anafyonza sehemu ndogo ya risasi anayoimeza, mtoto mchanga anafyonza mara kadhaa zaidi, na inakwenda kwenye ubongo ambao ndiyo kwanza unajengwa. Inajificha mifupani kwa miaka mingi. Mama aliyemeza akiwa binti anaweza kumpa mwanawe tumboni. Hakuna homa, hakuna upele. Mtoto anakua tu akiwa mzito kidogo wa kushika masomo kuliko alivyopaswa kuwa, na nani atajua? Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. UNICEF na Pure Earth walikadiria mwaka 2020 kwamba mtoto 1 kati ya 3 duniani ana risasi ya kutia wasiwasi kwenye damu.

Wengi wao hawakuipata kwenye bomba, lazima niseme ukweli huo. Waliipata kwenye rangi za nyumba, kwenye betri za magari zinazovunjwa uani na kuyeyushwa, na kabla ya hapo kwenye moshi wa petroli, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliiondolea risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu mtaa mzima. Phyllis Omido alianza kupambana baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Makambako, mji wa malori, ukiniuliza niogope nini kwanza nitakwambia betri chakavu kabla ya bomba. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kwenye jiko la dada yangu, siyo Owino Uhuru.

Tulifanya nini? Usiku uleule koki ya moto ikafungwa kwa kamba ili mtu asijisahau. Maji ya kupikia yakawa ya baridi, na asubuhi yanaachwa yatiririke kwanza kwenye ndoo ya kufulia mpaka yale yaliyolala bombani yatoke, unayajua kwa kuwa yanakuwa baridi zaidi ghafla. Hayamwagwi, yanafulia. Kisha ikaja hoja ya kubadilisha, na hapo ndipo familia ikakaa kikao, kwa sababu nyumba ni ya baba mkwe na boila lile alilifunga mwenyewe akiwa na nguvu zake. Kumwambia mzee wa Kibena kwamba kitu alichokijenga kwa jasho lake kina sumu si jambo la kuanza nalo asubuhi. Shemeji alizunguka sana. Alianza na habari za kuni kuwa ghali, akapita kwenye koki inayovuja, akafika kwa mjukuu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mngesema tangu mwanzo ni mtoto," alisema, "tungekuwa tumeshamaliza."

Fundi alikata shaba yote kuanzia boila hadi koki, hakuacha kipande katikati. Hili nalo lina sababu: Wamarekani walijifunza kwamba ukibadilisha nusu ya bomba la risasi ukaacha nusu, mtikisiko wa kukata unamwaga vumbi la risasi kwenye maji, na mahali madini mawili tofauti yanapokutana ulaji unaongezeka. Mji wa Madison, Wisconsin, ulioanza kung'oa mwaka 2001, ulilazimisha hata wenye nyumba wang'oe sehemu yao kwa sababu hiyo, na kwa muongo mmoja hivi ulimaliza mabomba yapatayo 8,000. Kwa dada imewekwa PPR, plastiki ya maji ya moto inayounganishwa kwa mashine ya joto bila lehemu. Siku mbili za kazi. Koki ya jikoni imebadilishwa pia. Maji tumeyachukua kwenye chupa, lita moja ya alfajiri kabla mtu hajagusa koki, yapelekwe maabara, na damu ya mtoto itapimwa akienda kliniki, japo kipimo hicho si cha kila hospitali na dada ameshaambiwa huenda akasafiri.

Siku ya kuondoka nilimkuta mzee fundi amekaa juu ya ndoo nje, anatenganisha shaba kwa ajili ya kuuza chuma chakavu. Zile pete za lehemu alikuwa anazikwangua na kuzikusanya pembeni kwenye kopo la maziwa. Nikamuuliza za nini. Akasema kuna kijana anayeyeyusha. Nikamwambia mzee, hiyo ndiyo sumu yenyewe tuliyokesha tukiihangaikia, yule kijana anayeyushia wapi? Akafikiri.

"Jikoni kwa mama yake," akasema, akalifunika kopo.

Nimebeba lile kopo mpaka Dar. Liko kwenye kabati ninapoandika, limefungwa kwa mfuko, na mpaka leo nimeuliza watu wanne mahali pa kulipeleka na kila mmoja amenielekeza kwa mwingine.